Aliyebaki na Kondoo

Mwalimu Tumpale aligawa wahusika kwa kuangalia viatu.
Wenye viatu wakawa malaika na mamajusi.
Obeid, mwana wa mwenye duka, aliyewajua kondoo kwa mchuzi tu,
akapewa fimbo na shuka la babu yake, akawa mchungaji mkuu.
Mimi niliyenuka zizi hadi kwenye daftari
nilikuwa kondoo wa tatu.
Maneno yangu yote yalikuwa: mee.

Tulifanya mazoezi wiki tatu, mvua ya Desemba
ikipiga bati hadi malaika apaze sauti kama mnadi wa viazi:
Msiogope!
Na nani angeogopa?
Kwetu Matamba hofu haiji na mwanga.
Huja na ukungu, saa kumi jioni, ukungu wa kutoka Kitulo,
unaokunja kilima kama mama anavyokunja shuka,
na wewe una kondoo ishirini na mmoja ndani ya mkunjo.

Hapo ndipo kaka yangu Lutengano alipokuwa anapiga mluzi.
Sauti tatu: mbili zapanda, moja yashuka,
na ile ya kushuka aliivuta hadi pumzi imwishie.
Hauna maneno. Ukiutia maneno, kondoo hawaji.
Siku moja kwenye mazoezi ukanitoka,
nikiwa pale chini kwa miguu minne.
Kondoo wa kwanza na wa pili, watoto wa watu, waligeuza shingo.
Mwalimu akanichapa begani kwa karatasi zake:
"Kondoo hapigi mluzi. Na huo haumo humu."

Usiku wa Krismasi kanisa lilijaa makoti, karabai ikifoka.
Pamba mgongoni nimefungiwa kwa uzi wa gunia.
Obeid akasahau. Akatazama dari, akamtazama baba yake,
kisha akasema, "Haya, twendeni basi,"
kama mtu anayewahi gulio,
na wachungaji wote wanne wakaondoka,
na sisi kondoo tukaburuzwa nyuma yao mpaka Bethlehemu,
hatua kumi na mbili, simenti ya baridi magotini.
Makofi. Mchungaji Chaula alifuta machozi.
(Lugha yetu imempa jina moja yeye na kaka yangu,
ingawa mmoja tu ndiye aliyekuwa nje usiku ule.)

Nilimkuta mlangoni mwa zizi, gunia kichwani, analowa.
Nikampa nusu ya andazi.
Akataka nimsimulie yote, maana Jumapili zake
zilikuwa za malishoni.
Nikamsimulia: mwanga, malaika, safari, mtoto ndani ya hori.
Kwenye hori aliitikia kwa kichwa; hori alilijua.
Akameza andazi.
"Na kondoo waliachiwa nani?"

Tangu hapo nimetembea.
Iringa nimeona wachungaji wa udongo, mzigo wa mapadre kutoka Italia,
mmoja anapuliza zumari yenye mfuko wa ngozi,
mashavu kama ya mtoto mwenye matubwitubwi.
Mbeya, kwenye kalenda ya duka la dawa,
wengine wamevaa soksi ndefu, wako kwenye theluji,
midomo wazi, wanaimba kitu ambacho kalenda haisemi.
Kila nchi imewavika nguo zake, ikawapa wimbo wake,
na kila mahali wamefika wote, wamepiga magoti wote.
Huwa nawahesabu. Ni mazoea.
Natafuta pembeni, nyuma ya ngamia, karibu na ukuta,
yule anayekosekana.

Lutengano sasa ana mabega ya mzee na kondoo saba.
Mtandao ukishika, haanzi na salamu.
Nasikia upepo kwanza,
halafu mbili zinapanda,
halafu ile ya tatu, ndefu, inashuka, inashuka,
na mimi nimesimama kituoni na simu sikioni
nimeshindwa kusema hata mee.
Ngoja, ananiambia. Usikate.
Mmoja hajaingia.